Asali ya Mama Mkwe

"Sinywi kitu," mume wangu akasema tena.

Nikakanyaga pedali ya mashine ya pasi, mvuke ukapanda kati yetu nisiuone uso wake. Sikutaka kuuona. Uso ule ulikuwa umenidanganya, na bado ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Daktari amekuuliza mbele yangu ukaapa," nikasema. "Haya, sasa daktari hayupo. Tuko mimi na wewe na mashati ya watu. Unakunywa nini?"

"Pilipili, nimekwambia sinywi kitu."

Pilipili ndilo jina alilonibatiza mwenyewe, siku nilipofuata blauzi yangu kwenye duka hili, nikamkuta kijana nyuma ya mashine ananirudishia nguo ina mkunjo kwenye kola. Nilimsema nikamaliza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaichukua blauzi, akalowesha kidole gumba, akakipitisha kwenye kola taratibu huku ananitazama mimi badala ya nguo, akasema, "Una kingine cha kusema? Maana nimependa sauti." Kumbe ndio nimeolewa hivyo. Mimi namwita Fundi. Wenzetu waliooana wakati mmoja nasi wameshaitana baba fulani na mama fulani siku nyingi. Sisi bado ni Fundi na Pilipili, na kila nikilitamka jina hilo mbele ya watu naona wanavyotazamana.

Sisi ni madobi. Duka ni refu na jembamba: mbele kaunta, katikati nguo za wateja zinaning'inia kwenye bomba zikiwa zimevikwa mifuko, nyuma kabisa mashine ya pasi ya mvuke. Kifuniko chake ukikiinua, joto lote linakujia kiunoni. Mume wangu amesimama mbele ya joto hilo tangu hajaota ndevu.

Mara ya kwanza tulipokwenda hospitali, mimi nilipimwa nikaonekana mzima. Yeye akaambiwa mbegu zake ni chache, na hizo zilizopo zinasuasua. Daktari, mama mmoja wa makamo asiye na papara, alimuuliza kazi yake, akatikisa kichwa. Akamwambia aachane na joto lile. Aache sigara. Apunguze soda, alale vizuri, ale samaki, maharage na mboga za majani, na zaidi ya yote apunguze mawazo, maana mtu mwenye hofu usiku na mchana hata mwili wake unaogopa. Akampa na vidonge vya madini. "Hivi vinaweza kusaidia kidogo," alisema. "Msivigeuze muujiza."

Tulivyotoka pale, mume wangu alinishika mkono nje ya geti, mkono ukiwa wa baridi. Akaniomba kitu kimoja: nisimwambie mtu. "Nipe muda. Nitawaambia nyumbani kwa mdomo wangu mwenyewe."

Nikampa muda, na mashine nikaichukua mimi. Yeye akahamia kaunta kupokea nguo na kuandika risiti. Mboga alikula mpaka nikamtania kwamba akianza kulia kama mbuzi nisishangae. Sigara aliacha. Jioni tukawa tunatembea pamoja, ananishika kiuno barabarani bila aibu. Mimi moyoni nikajua sasa mambo yatakuwa sawa.

Halafu asubuhi ya leo tukarudi kwa daktari, na mbegu zile chache hazikuwepo kabisa.

"Unatumia nini?" daktari alimuuliza. "Dawa za kujaza misuli? Za nguvu za kiume? Sikuhukumu, niambie tu."

"Situmii chochote zaidi ya ulivyonipa."

"Damu yako inasema vingine. Kuna homoni ya kiume inaingia kutoka nje. Watu wengi wanadhani ukiongeza hiyo, uzazi nao unaongezeka. Ni kinyume. Mwili ukiona unaletewa, unaacha kutengeneza. Wewe ni dobi; mtu akikuletea kila siku nguo zilizokwisha kupigwa pasi, utawasha mashine ya nini?"

Mume wangu alicheka kidogo, kicheko kikamfia mdomoni.

"Ukiacha, kwa watu wengi zinarudi," daktari akaendelea. "Inachukua miezi. Ila uache kweli. Siwezi kukutibu kitu unachonificha."

Ndiyo maana nilikuwa natokota nyuma ya mashine.

"Chunusi zilizokujaa mgongoni nani anaziona?" nikamuuliza. "Ni mimi ninayekusugua. Umekuwa kama mvulana anayebalehe. Hasira je? Juzi umemfokea mteja kwa sababu ya kifungo. Wewe, ambaye hata nzi unamfungulia dirisha atoke."

"Sijui kwa nini."

"Mimi najua. Umeona mboga na matembezi vinachelewa, ukaenda kwa wauza vidonge. Umeniacha mimi napikwa na mvuke hapa ili wewe upone, na wewe unabomoa kwa nyuma."

Aliacha kaunta akaja mpaka nilipo. Alichukua kitambaa begani kwake akanifuta jasho shingoni, polepole, na mimi mjinga nikafumba macho. Nilitamani nimwegemee. Nilitamani tuanze asubuhi upya. Mikono yake ina kovu la moto kwenye kila kidole na sijawahi kuguswa na kitu laini kuliko mikono hiyo.

"Nikudanganye ili iweje?" akaninong'oneza. "Mtoto tunayemtafuta si wangu pia?"

Nikafumbua macho. Nilitaka kumwamini, na hapohapo nikakumbuka wageni wanaokuja mchana.

"Mama yako anakuja leo na shangazi yako," nikasema. "Unajua wanakuja kwa nini?"

Akakirudisha kitambaa begani.

"Wamekutafutia binti. Mimi nimeambiwa na watu wa nje, wewe umeambiwa na mama yako, na hukunieleza. Sawa. Ila nisikilize, Fundi. Nimeitwa gogo kwenye msiba. Nimeitwa jumba bovu kwenye harusi, mbele yako, ukiwa umeshika sahani. Nimekutunzia siri yako mpaka imeniota kifuani. Leo wakinisema ukanyamaza tena, dada yangu ameshanitandikia kitanda. Sikutishi. Nakwambia mapema ili usije ukasema nilikuvizia."

"Pilipili..."

"Nakupenda," nikasema. "Nalo hilo nakwambia mapema."

Mlango wa mbele ukafunguliwa.

Mama mkwe aliingia kwanza, amefunga kitambaa chake kichwani vizuri kama kawaida yake, mkononi kikapu. Nyuma yake shangazi, dada wa marehemu baba mkwe, na simu yake isiyotua mkononi. Shangazi huyo ukimwambia jambo asubuhi, mchana unaulizwa na mtu usiyemjua.

"Shikamoo Mama. Shikamoo Shangazi," nikasema kutoka nyuma.

Mama mkwe hakuitikia. Alikuwa ananitazama mimi kwenye mashine, nywele zimenishika usoni kwa jasho, kisha akamtazama mwanawe na kalamu yake sikioni.

"Hivi ndivyo mnavyoishi siku hizi?" akauliza. "Mwanamke anapiga pasi, mwanaume anakaa kwenye kiti kama karani?"

"Tumebadilishana tu, Mama," mume wangu akasema.

"Nani alisema mbadilishane?"

Nilimtazama mume wangu. Hapo palikuwa mahali pazuri pa kuanzia. Daktari ndiye aliyesema. Akainamisha kichwa akawavutia viti.

"Anatafuta jasho la kumsahaulisha," shangazi akasema huku anakaa. "Mtu asiye na mtoto wa kumbeba atafanya nini na mgongo wake? Afanye kazi."

Nikatabasamu kwa meno tu. Nikazima mashine, nikaenda kusimama kando ya kaunta.

"Wanangu, mimi sizunguki," mama mkwe akaanza. "Tumesubiri vya kutosha. Sina ubaya na wewe binti, Mungu anajua. Lakini huyu ni mtoto wangu wa pekee. Baba yake hakuacha mwingine. Kuna familia tumezungumza nayo. Watu waungwana. Binti yao ametulia."

"Na kwao wanazaa," shangazi akadokeza. "Dada zake wote."

"Wewe hatukufukuzi. Ukitaka kukaa, kaa. Ukiona huwezi, hatutakulaumu."

"Mume wangu anasemaje?" nikauliza.

Wote tukamgeukia. Akafungua mdomo. Naapa alifungua. Kikohozi kikamshika badala ya maneno, kile kikohozi cha mvuke alichozoea tangu ujana, akakohoa mpaka machozi yakamlenga.

"Masikini," mama mkwe akasema, sauti yake yote ikalainika. Akaingiza mkono kikapuni akatoa chupa ya asali. "Nilijua imekuishia. Nimekuletea nyingine. Unalamba asubuhi na jioni kama nilivyokuambia?"

"Nalamba, Mama."

"Usikose hata siku moja. Kifua hicho kitakuua."

Asali hiyo imekuwa ikija kila wiki, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namkumbusha aile. Hospitali tulitaja kila kitu, mpaka majani ya chai. Asali nani angeitaja? Niliichukua chupa kaunta nikaigeuza kwenye mwanga. Chini palikuwa na chenga za rangi ya kijivu, zimetulia.

"Mama, mbona ina vumbi?"

"Ni asali mbichi. Ndivyo ilivyo."

"Mimi nami mvuke umeshanianza kifuani," nikasema. Sijui kilichonituma, labda hasira, labda Mungu. Nikafungua kifuniko, nikachota kwa kidole. "Ngoja nionje."

Mama mkwe aliinuka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwake. Akanikamata mkono kidole kikiwa kimefika mdomoni.

"Usile. Hiyo si ya wanawake."

Hata yeye mwenyewe alisikia alichosema, kwa sababu aliuachia mkono wangu taratibu, akarudi nyuma.

"Asali ya kikohozi isiyo ya wanawake?" nikauliza.

"Mama," mume wangu akasema. "Umeweka nini humu?"

"Sijaweka kitu kibaya."

"Umeweka nini?"

"Dawa." Akakaa. Alishika ncha ya kitambaa chake akaanza kuikunja. "Dawa ya wanaume. Ya vidonge vya unga, navifungua naumimina humo. Aliyeniuzia ameniapia ni mizizi mitupu. Nilitaka kukusaidia."

"Kunisaidia nini?"

Akaendelea kukikunja kitambaa. Basi nikajibu kwa ajili yake, na sauti yangu ilikuwa ya chini kwa sababu ningeipandisha ningelia.

"Mama, mimi ndiye gogo. Mimi ndiye jumba bovu. Kama mgonjwa ni mimi, mbona dawa anakula yeye?"

"Hee," shangazi akasema, akaweka simu mapajani.

"Ulijua," nikaendelea. "Muda wote huo ulijua huenda ni yeye. Ukanitukana mchana, ukamtibu jioni."

Mama mkwe aliinua uso. Nilitegemea aibu. Nikakuta ukali.

"Wewe unadhani ndiwe wa kwanza?" akaniuliza. "Unadhani mimi sikuitwa majina? Muulize huyu." Akamwonyesha shangazi kwa kidevu. "Muulize yeye na mama yake walivyonikalisha sebuleni wakaniuliza kama nina tumbo au nimebeba mkoba. Na hospitali nilikuwa nimekwenda na mume wangu, na nikasikia kwa masikio yangu tatizo ni la nani."

Shangazi alishika kifua. "Wifi, unamsema marehemu kaka yangu?"

"Namsema mume wangu. Nilikuficha wewe, nikamficha mama yenu, nikaificha dunia. Nikatafuta dawa nikamtilia kwenye uji bila yeye kujua, na huyu akazaliwa. Sasa utaniambia haikufaa? Mimi nilibeba. Naye atabeba. Ndiyo kazi ya mke."

"Mama," mume wangu akasema. Alikuwa ameishika chupa kwa mikono miwili. "Leo tumetoka kupimwa. Mwanzo zilikuwa chache. Sasa hivi hakuna kitu. Daktari anasema kuna kitu kinaingia mwilini mwangu kinazima kila kitu. Nilibishana naye. Nilimbishia na mke wangu, akaniona mwongo."

Ilichukua muda maneno yale kumfikia. Niliona yanavyomfikia. Mikono iliyokuwa ikikunja kitambaa ikasimama.

"Asali yangu?" akauliza. "Nimekumaliza mwanangu?"

Nilikuwa na haki ya kufurahi. Nilijitafutia hiyo furaha nisiione.

"Daktari amesema akiacha, kwa wengi zinarudi," nikamwambia. "Hajasema zimekwisha."

Akanitazama kama mtu aliyepewa maji na adui.

Shangazi ndiye aliyejikusanya wa kwanza. Akajikohoza, akavuta kiti chake karibu.

"Basi tusikilizane," akasema. "Dawa iachwe, na haya yote yaishie humu ndani. Watu wa nje hawana haja ya kujua. Kwa nje tubaki tulivyokuwa tunasema. Kwa mwanamke maneno yanapita, anasemwa, anazoea. Mwanaume akisemwa hivyo amekwisha, hata shikamoo hapewi. Na huyo binti tumwambie mama yake wasubiri kidogo, tutazame hali."

"Tubaki tulivyokuwa tunasema," nikarudia.

"Kwa heshima ya mumeo. Si unampenda?"

Nampenda. Nilimtazama ili aone kwamba nampenda, na kwamba nimechoka. Alikuwa anaitazama sakafu. Nikahesabu moyoni pumzi zake, inaingia, inatoka, hakuna neno. Nikafungua kamba ya aproni nyuma ya mgongo, nikaivua nikaiweka juu ya kaunta. Nikachukua mkoba wangu msumarini.

Hapo ndipo simu ya shangazi ilipolia.

Akaitazama, akaigeuza uso chini haraka. Ikaendelea kulia.

"Ni nani?" mume wangu akauliza.

"Hakuna mtu."

"Shangazi, ni nani?"

"Mama wa yule binti. Nilimwambia apige mchana huu tumpe jibu. Nitamwambia tuko safarini."

Mume wangu akanyoosha mkono. Shangazi akaikumbatia simu, lakini yeye aliichukua kwa upole uleule anaotoa nao pini kwenye nguo ya mteja, akaipokea, akasimama katikati ya duka. Alikuwa amepauka. Mkono mwingine ameuegemeza kaunta.

"Shikamoo mama," akasema. "Hapana, si yeye, ni mpwa wake. Mimi ndiye mwanaume mnayemzungumzia... Ndiyo... Nashukuru sana. Mama, nakuomba unisamehe, mmeletewa maneno yasiyo kweli. Mke wangu hana tatizo lolote. Tatizo la uzazi ni langu mimi. Nimepimwa, natibiwa... Ndiyo, mimi... Mke wangu amekuwa akilijua na amenyamaza kwa kunistahi, na mimi nikamwacha asemwe. Sitaoa mwingine. Na ukitaka kumwambia mtu, mwambie. Sema umesikia kwangu mwenyewe."

Akasikiliza kidogo, akasema ahsante, akakata. Akamrudishia shangazi simu yake.

"Na wewe Shangazi ukitoka hapa uwaambie," akasema. "Wote uliowaambia yale ya kwanza. Anza na wa msibani."

Shangazi aliishika simu kama ina moto.

Mume wangu akanigeukia. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Hakunisogelea, alinitazama tu, macho yamejaa, anasubiri hukumu. Moyo wangu ulikuwa unakimbia mbele yangu na mimi bado nimesimama na mkoba begani.

"Umechelewa," nikamwambia.

"Najua."

"Usichelewe tena."

Mkoba nikaurudisha msumarini.

Kisha tukasikia sauti kule kwenye viti. Mama mkwe alikuwa analia. Hakuwa analia kwa ajili ya asali, wala ya binti wa watu. Alikuwa anamtazama mwanawe kana kwamba hajawahi kumwona, mkono umefunika mdomo, machozi yanapita katikati ya vidole. Mume wangu akapiga magoti mbele yake akamuuliza, "Mama, nimekuaibisha?"

Akatikisa kichwa.

"Maneno hayo," akasema. "Hayo hayo. Nilimsubiri baba yako ayaseme mpaka tukamzika."

Nikaenda nikakaa upande wake wa pili, nikamshika mkono, naye safari hii hakuuondoa.